Mafuta ya Mwili: Yatokako, Yawekwako na Yaendako

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa jumuiya



Kila mwaka, siku ya Idi ya kuchinja, watu wengi husimama karibu na mchinjaji anapompasua kondoo, na wachache sana hukitazama vema kilicho mbele ya macho yao. Ngozi ikisha kuchunwa huonekana shahamu nyeupe imetandazwa juu ya mgongo na ubavu. Tumbo likifunguliwa huonekana nyingine, laini kama kitambaa cha kufuma, imeyafunika matumbo mfano wa shuka. Na nyingine tena imezikumbatia figo mbili hata hazionekani mpaka ipasuliwe. Mfupa ukivunjwa hupatikana uboho, nao sehemu yake kubwa ni mafuta. Na akiwa ni kondoo wa mkia mnene, kama wale wafugwao na watu wengi wa Afrika ya Mashariki, basi mkia peke yake ni mzigo wa shahamu.

Huyu kondoo hakupata kuonja samli, wala mawese, wala mafuta ya ufuta. Tangu alipoacha kunyonya hakula ila majani, wala hakunywa ila maji. Shahamu yote hii imetoka wapi?

Swali hili lasikika kama la kitoto, lakini katika miaka ya 1840 liliwagombanisha wataalamu wakubwa wa Ulaya. Upande mmoja alikuwako Justus von Liebig, Mjerumani, aliyeshikilia ya kwamba mnyama aweza kuunda mafuta mwenyewe kutokana na wanga na sukari. Upande wa pili walikuwako Wafaransa, Jean-Baptiste Dumas na Jean-Baptiste Boussingault, waliosema kwamba kazi ya kuunda ni ya mimea tu, na kwamba mnyama hana lake ila kukusanya mafuta machache yaliyomo katika chakula chake. Ikaletwa hoja ya nyuki. François Huber wa Geneva, mtu aliyekuwa kipofu na aliyeitazama mizinga kwa macho ya mtumishi wake, alikuwa amekwisha kuonyesha zamani kwamba nyuki waliofungiwa na kulishwa sukari tupu huendelea kutoa nta. Nayo nta ni ndugu wa mafuta. Boussingault hakuridhika kwa maneno. Alipima chakula cha wanyama wake na akapima mafuta yaliyopatikana miilini mwao, na hesabu ikamhukumu yeye mwenyewe: mafuta ya mnyama yaliyazidi mafuta ya chakula. Akakubali, na hilo ni jambo la kumsifu, maana si wengi wakubalio kushindwa na mizani yao wenyewe. Baadaye Waingereza wawili, Lawes na Gilbert, waliyathibitisha hayo katika shamba la Rothamsted kwa kuwapima nguruwe, mnyama ambaye nyama yake haiwahusu wasikilizaji hawa, lakini hesabu yake yawahusu sana.

Katika tumbo la kondoo wamo vijidudu wasiohesabika, nao huyachachusha majani na kuyageuza kuwa asidi, na kwa asidi hizo kondoo hujenga shahamu yake. Mwanadamu hana tumbo la kucheua, hata hivyo naye ana kiwanda chake. Wali, ugali, ndizi, mihogo na mkate, vyote huvunjwavunjwa na kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Hapo kongosho, tezi iliyolala nyuma ya tumbo, humtoa mjumbe wake aitwaye insulini, yule aliyegunduliwa katika mji wa Toronto mwaka 1921, naye huzunguka na damu akiuamuru mwili upokee na uweke. Sehemu ya sukari huteketea papo hapo kwa kazi na kwa joto. Sehemu nyingine huwekwa katika ini na misuli kwa sura ya wanga wa mwili uitwao glaikojeni. Lakini ghala hili ni dogo mno: ini la mtu mzima huweka kiasi cha gramu 100, na misuli yote pamoja kiasi cha gramu 400 au 500.

Ghala hilo likijaa, ziada haitupwi. Ini huichukua sukari, likaikata mpaka ikawa vipande vya kaboni mbili mbili, kisha likavishona vipande hivyo kimoja baada ya kimoja mpaka likapata uzi wa kaboni 16. Uzi huo ni asidi ya mafuta iitwayo palmitiki, na jina lake limetokana na mchikichi, kwa kuwa asidi hiyo ndiyo iliyojaa katika mawese. Kwa hiyo mtu wa Bujumbura apikaye kwa mawese, na mtu mwingine asiyepata kuyatia mawese kinywani mwake, wote wawili wana asidi ya mchikichi miilini mwao. Mmoja ameinunua sokoni, na mwenziwe ini lake limeifuma kwa sukari ya chai. Nyuzi tatu za namna hiyo hufungwa katika kijiti kimoja kiitwacho gliseroli, na fungu hilo la nyuzi tatu ndilo mafuta yenyewe.

Lakini isidhaniwe kwamba kila kijiko cha sukari hugeuka shahamu. Kwa mtu mwenye afya njia hii ni nyembamba, na mafuta yapitayo humo kwa siku ni machache. Ziada ya wanga hufanya kazi yake kubwa kwa mlango mwingine: maadamu sukari ni tele katika damu, mwili huteketeza sukari na kuyaacha mafuta. Samli ya pilau na mafuta ya sambusa yaliyoliwa karamu ile ile hayapati zamu ya kuwaka, basi huenda ghalani moja kwa moja. Ndiyo maana wale wabishanao vibarazani, huyu akisema kinachonenepesha ni mafuta na yule akisema ni wanga, kila mmoja amebeba nusu ya habari. Chakula kikizidi kazi, kimoja huwaka na kingine huwekwa, na mizani haiulizi jina la kilichowekwa.

Mafuta yaliwayo hayawezi kuingia katika damu kama yalivyo, kwa sababu mafuta na maji havichangamani, nayo damu ni maji. Nyongo itokayo katika ini huyapasua yakawa matone madogo madogo, kama sabuni ifanyavyo katika sufuria lenye masazo ya mchuzi; kisha maji ya kongosho huzifungua zile nyuzi. Kazi ya kongosho aliionyesha Claude Bernard, Mfaransa, katika miaka hiyo hiyo ya 1840. Alimtazama sungura aliyelishwa mafuta, ambaye mfereji wake wa kongosho huingia katika utumbo mbali chini ya ule wa nyongo, akaona kwamba mishipa myembamba ya utumbo hugeuka myeupe kama maziwa kuanzia pale tu kongosho linapomimina maji yake. Yakisha kupita ukuta wa utumbo, mafuta hufungwa upya, yakavikwa vazi la protini ili yaweze kusafiri, yakapanda kwa mishipa ya limfu mpaka karibu na bega la kushoto, na huko ndiko yaingiako katika damu. Mtu akipimwa damu saa chache baada ya karamu nzito, maji ya damu yake huweza kuonekana meupe kama yaliyotiwa maziwa.

Sasa yafaa kulitazama ghala lenyewe. Mwili umejengwa kwa chembe hai zisizohesabika, na miongoni mwake zimo chembe za mafuta, ambazo kila moja ni kama mfuko wenye tone moja kubwa lililoijaza hata vitu vingine vyote vya chembe hiyo vimesukumwa ukutani. Kwa nini mwili ukachagua mafuta, usichague sukari? Jibu limo katika uzito. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, na gramu moja ya wanga au sukari hutoa 4. Tena glaikojeni haiwekwi kavu; kila gramu yake hushika maji kiasi cha mara tatu ya uzito wake, ilhali mafuta huwekwa bila maji. Mtu mwenye kilo 12 za mafuta matupu, naye wala si mnene, amebeba kilokalori kama 108,000, ambazo zingeweza kumlisha zaidi ya mwezi mzima. Kama angetakiwa kuibeba akiba hiyo kwa sura ya glaikojeni na maji yake, angebeba zaidi ya kilo 100 juu ya uzito wake mwingine, na asingeweza hata kuondoka kitandani.

Ndege wamelifahamu jambo hili kuliko watu. Yuko ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu ambaye kila mwaka huondoka Alaska akavuka bahari ya Pasifiki hadi New Zealand bila kutua. Na mmoja wao, aliyefungwa chombo kidogo cha kupelekea habari, aliruka mwaka 2022 kutoka Alaska mpaka Tasmania, safari ya kilomita 13,560 kwa muda wa siku 11. Hakula njiani. Aliruka kwa shahamu aliyoiweka kabla ya kuondoka. Ngamia naye husingiziwa kwamba nundu yake ni mtungi wa maji. Nundu ya ngamia ni shahamu, na ngamia aliyekaa na njaa siku nyingi nundu yake hulegea ikainama upande.

Watu walidhani zamani kwamba ghala hili limelala, kama gunia la mpunga lililofungwa mpaka siku ya njaa. Rudolf Schoenheimer, aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 akafanya kazi New York, aliivunja dhana hiyo. Mwaka 1935 yeye na David Rittenberg waliwalisha panya mafuta yaliyotiwa alama ya hidrojeni nzito, nao panya hao walipewa chakula kichache hata wasinenepe. Ilitazamiwa kwamba mafuta hayo yangeteketezwa mara moja. Badala yake sehemu kubwa ilikutwa ghalani, na maana yake ni kwamba yaliingia mapya, na yaliyoteketea ni ya zamani. Ghala ni soko. Watu huingia na kutoka mchana kutwa, na aonaye umati uko vile vile hudhani ni watu wale wale.

Chembe zenyewe nazo hufa na kuzaliwa. Mwaka 2008 wataalamu wa Sweden na wenzao waliupima umri wake kwa njia ya ajabu. Mabomu ya atomiki yaliyojaribiwa hewani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni ya namna ya pekee katika anga ya dunia nzima, na kaboni hiyo ikaingia katika mimea, na katika mimea ikaingia katika watu. Kwa kuipima waliona kwamba kila mwaka kiasi cha moja katika kumi ya chembe za mafuta za mtu mzima hufa na nyingine hushika mahali pake, na idadi yake haibadiliki sana. Mtu mzima akikonda, aghalabu chembe hazipungui. Hunywea tu, zikangoja. Hiyo ni sababu moja ya wengi kunenepa tena baada ya kukonda, na yafaa wajue hivyo wale wapendao kuwacheka.

Tena ghala hili lina ulimi. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua kwamba chembe za mafuta humpeleka mjumbe katika ubongo, akaitwa leptini, kuuarifu akiba iko kiasi gani. Leptini ikipungua, njaa huzidi, na mwili hufanya ubakhili wa nguvu. Kwa hiyo ajizuiaye na chakula hashindani na uchu wa ulimi peke yake, bali hushindana na taratibu za ndani zilizowekwa ili asife njaa.

Kufunguliwa kwa ghala kwategemea insulini. Maadamu insulini iko juu, mlango umefungwa. Saa zikipita bila chakula insulini hushuka, na mjumbe mwingine aitwaye glukagoni hupanda. Chembe za mafuta huzifungua zile nyuzi tatu kutoka katika kijiti chake na kuziachilia katika damu, nazo hubebwa na protini iitwayo albumini mpaka kwenye misuli na moyo. Huko hukatwa kaboni mbili mbili, kama vile zilivyoshonwa mbili mbili. Jambo hili alilitambua Franz Knoop, Mjerumani, mwaka 1904, kwa kuwalisha mbwa asidi za mafuta alizozitia alama mwishoni na kuyachunguza mabaki katika mkojo wao. Kila kipande kilichokatwa hutiwa katika moto wa polepole usio na mwali, na huko ndiko itokako nguvu ya kutembea na joto la mwili.

Ubongo peke yake hauwezi kuziteketeza nyuzi hizo. Zamani ilisemwa kwamba haukubali ila sukari, lakini mtu angefunga kula siku nyingi ubongo ungeila misuli yake yote, kwa kuwa ini lingelazimika kuivunja protini ili litengeneze sukari. Mwaka 1967 George Cahill, Oliver Owen na wenzao huko Boston walionyesha kwamba katika njaa ndefu ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo huzipokea ketoni hizo kwa sehemu kubwa ya haja yake. Kwa njia hiyo misuli huhifadhika kwa muda.

Hapa wengi wataka kujua habari ya mwezi wa Ramadhani. Katika nchi hizi zilizo karibu na ikweta, tangu alfajiri mpaka magharibi ni kama saa 13 na dakika kadhaa. Katika muda huo akiba ya sukari katika ini hupungua lakini haiishi, na kuanzia alasiri mafuta hushika sehemu kubwa ya kazi. Ghala hufunguliwa kila siku, hilo ni kweli. Lakini hufungwa tena mara tu maji ya tende na uji yanaposhuka tumboni, na ikiwa futari imefuatwa na daku nzito, yaliyotoka mchana hurejea usiku pamoja na faida yake. Waliowapima wafungaji katika nchi mbalimbali wameona kwamba uzito hupungua kidogo, na aghalabu hurudi katika wiki chache baada ya Idi. Saumu haikufaradhishwa kwa ajili ya kukonda, na ambaye hakukonda hakupungukiwa kitu katika saumu yake. Ama mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini au vidonge vya kushusha sukari, huyo asijiamulie. Amwone daktari kabla mwezi haujaandama, kwani sukari yake yaweza kuanguka ghafula mchana, na mgonjwa amekwisha pewa ruhusa.

Mfano wa mwisho wa ghala hili ni Angus Barbieri, kijana wa Scotland, aliyekaa siku 382 katika mwaka 1965 na 1966 bila chakula chochote, akinywa maji, chai na kahawa, na kupewa vitamini na chumvi chini ya ulinzi wa madaktari wa Dundee. Alianza na kilo 207, akamaliza na kilo 82. Habari yake hupendwa kusimuliwa, na wanaoisimulia husahau kwamba wagonjwa wengine waliofungishwa kwa namna hiyo katika miaka ile walikufa. Si ya kuigwa.

Kufika hapa yafaa kurudi kwenye ini, maana katika ini ndimo zionekanamo hasara mbili zisizofanana zikiacha alama moja.

Ya kwanza ni ya mtoto. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliandika habari za watoto wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, waliovimba miguu, ngozi zikibabuka na nywele zikibadilika rangi. Mwaka 1935 alilitangaza jina la wenyeji, kwashakoo, neno la lugha ya Kiga, ambalo ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani mwingine anapozaliwa. Kampala ikawa mahali mashuhuri pa kuuchunguza ugonjwa huo. Katika hospitali ya Mulago walikuwako Hugh Trowell, Davies na Dean, waliotoa kitabu chao juu yake mwaka 1954. Mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa ndizi tupu au mihogo mitupu alipata wanga, na hakupata protini ya kutosha. Alipokufa na mwili wake kufunguliwa, ini lilikutwa limejaa mafuta, kubwa na la rangi ya manjano. Mtoto mwenye njaa, na ini nono! Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ini liliendelea kupokea na kufuma mafuta, lakini halikuwa na protini ya kuyashonea yale mavazi ya safari. Na wachunguzi wa baadaye wameongeza kwamba hata jiko lenyewe la kuyateketeza mafuta ndani ya chembe huharibika. Mzigo ulikuwako, magari hayakuwako, bohari likajaa mpaka mlangoni. Mwaka 1965 ilianzishwa pale Mulago nyumba ya Mwanamugimu, ambamo mama hukaa na mtoto wake akajifunza kumpikia mchanganyiko wa ndizi pamoja na maharage, karanga, samaki au maziwa, vitu apatavyo kwake. Na mtoto akipona, mafuta huondoka katika ini.

Ya pili ni ya mtu mzima mwenye kushiba. Huyu hutazamwa na daktari kwa mashine ya kupiga picha ya tumbo, akaambiwa kwamba ini lake lina mafuta. Hushtuka, kwa sababu amesikia tangu utoto kuwa ini bovu ni la mlevi, naye hakupata kuonja pombe maishani mwake. Humficha mkewe karatasi ya daktari. Akiiona mtu mwingine, maneno huanza kunong'onwa: kumbe bwana yule wa safu ya mbele hunywa kwa siri! Uvumi huo ni dhuluma, na chanzo chake ni ujinga. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika habari za wagonjwa ambao maini yao chini ya darubini yalifanana kabisa na ya walevi, nao hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na baadhi wana kisukari. Leo ugonjwa huu wajulikana duniani kote, na pombe haina fungu ndani yake.

Mafuta hayo yametoka wapi? Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani waliyafuatia kwa alama katika maini ya wagonjwa, wakaona kwamba sehemu 59 katika 100 zilitoka katika maghala ya mwili yaliyokuwa yakivuja, sehemu 26 zilifumwa na ini lenyewe kutokana na sukari na wanga, na sehemu 15 tu zilitoka moja kwa moja katika mafuta yaliyoliwa. Hesabu hii yawapasa waitazame wale wanaoondoa shahamu yote katika nyama, kisha wakatia vijiko vinne vya sukari katika kikombe cha chai, mara tano kwa siku, na soda juu yake. Ile njia nyembamba iliyotajwa kwa mtu mwenye afya, kwa mtu huyu imekuwa barabara. Na tofauti ya maghala yatambulike: shahamu ya mapaja na makalio hukaa kwa utulivu na madhara yake ni machache, lakini ile iliyoyazunguka matumbo, mfano wa ile shuka ya kondoo, damu yake humiminika kwanza katika ini. Kwa hiyo mtu mwenye mikono myembamba na kitambi kilichotangulia mbele aweza kuwa katika hatari kuliko mnene wa mwili mzima. Ini lililojaa mafuta huacha kuitii insulini, likamwaga sukari usiku kucha hata kama mtu hakula, na huo ni mwanzo wa kisukari cha watu wazima.

Zamani kisukari hicho kilihesabiwa kuwa hakirudi nyuma. Mwaka 2017 Roy Taylor na Michael Lean wa Uingereza walitoa matokeo ya kuwalisha wagonjwa kilokalori kama 850 tu kwa siku, kwa miezi mitatu mpaka mitano, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, wagonjwa 46 katika kila 100 walikuwa hawana tena sukari ya kiwango cha ugonjwa, nao hawatumii dawa. Na miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, walikuwa 86 katika 100. Walikuwa watu walioupata ugonjwa si zaidi ya miaka sita. Si lazima kila mtu afike huko: kwa ini lenye mafuta, kupunguza uzito wa mwili kwa sehemu 5 katika 100 hupunguza mafuta yake, na kupunguza sehemu 7 mpaka 10 hutuliza na uvimbe uliomo. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo 4 mpaka 8. Kutembea kwa haraka kila siku husaidia ini hata kabla mizani haijaonyesha kitu.

Limebaki swali moja, nalo huulizwa mara nyingi: mafuta yakiondoka, huenda wapi? Wengine husema hutoka kwa jasho, na huvaa makoti mazito juani. Wengine husema hutoka kwa choo, na hununua dawa za kuharisha. Mwaka 2014 Waaustralia wawili, Ruben Meerman na Andrew Brown, waliwauliza madaktari na wataalamu wa vyakula, na wengi wao wakajibu kwamba mafuta hugeuka kuwa nguvu na joto. Lakini nguvu na joto hazina kilo. Kwa hesabu yao, kilo 10 za mafuta zikiteketea zote zahitaji kilo 29 za oksijeni ivutwayo puani, na mwisho wake hupatikana kilo 11 za maji, yatokayo kwa mkojo, jasho na mvuke wa pumzi, na kilo 28 za hewa ya kaboni. Hewa hiyo hupita katika mapafu, ikatoka kwa kila pumzi, mtu akiwa yu macho au amelala.